Moyo unakimbia, ukifika hospitali umetulia: namna ya kuunasa mpaka upate jibu

Wenye pikipiki wataelewa haraka. Boda inamisi njia nzima kutoka Kihonda mpaka Msamvu, inakohoa, inataka kuzima, ukiifikisha kwa fundi anapiga kiki moja tu inaunguruma kama imetoka dukani leo. Fundi anakuangalia. We unaanza kujieleza kama muongo. Moyo wangu ulinifanyia hivohivo miaka miwili na miezi kadhaa, na ndo maana naandika hapa, kwa yule ambaye moyo wake unamisi na kila akipimwa anaambiwa uko poa.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro, nina miaka 36, sina presha wala sukari. Siku ya kwanza nlikuwa darasani, chaki ikadondoka nikainama kuiokota, kunyanyuka tu moyo ukaondoka. Sio kama umetoka kukimbia ambapo unapanda kidogokidogo, hapana, ni kama mtu kabonyeza swichi. Shingoni kunadunda mpaka nikahisi watoto wanaona kola inatikisika. Nikakaa kwenye dawati la mbele, nikawaambia waandike sentensi kumi, kama dakika ishirini hivi alafu pap, ukaacha wenyewe, kimya kabisa. Saa moja iliyofuata nlienda chooni mara tatu, na hili la chooni lishike, ntalirudia.

Kuanzia hapo nimeambiwa kila kitu. UTI na taifodi ndo ilikuwa ya kwanza, nadhani hiyo kila Mtanzania kapewa hata akienda na jino. Vidonda vya tumbo. Presha ya kushuka. Wasiwasi, mwalimu punguza mawazo. Mama mkwe yeye akasema ni jini na ana mtu wake Turiani. Kila jibu lilikuja na dawa zake na nlikunywa zote (za Turiani nilimwaga, mama akisoma hapa anisamehe).

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza mapema ni hiki. ECG ya kawaida inarekodi umeme wa moyo kwa sekunde 10 hivi. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku. Sasa kama tatizo lako linakuja mara moja kwa wiki tatu na linakaa dakika ishirini, hizo sekunde 10 uwezekano wa kulikuta ni mdogo mno. Dokta akikwambia ECG yako nzuri hajakudanganya, ni nzuri kweli, kwa hizo sekunde 10. Kazi yako mgonjwa ni kuhakikisha unapimwa moyo ukiwa unafanya huo ujinga wake, na kila kitu nachoandika chini ni cha kukufikisha hapo. Mi sio daktari, nimesomea chaki tu, kwa hiyo dawa na maamuzi ni vya dokta wako.

Kabla ya yote: usisome, nenda

Kuna watu hawatakiwi kukaa na daftari wakisubiri. Kama umezimia, hasa ukiwa unakimbia, unacheza mpira au unaogelea, hiyo ni ya leo sio ya kesho. Kama moyo ukikimbia kifua kinabana, pumzi inakata, jasho la baridi linakutoka, au uko karibu kuanguka, ni dharura. Kama mdomo umeenda upande, mkono umelegea, unaongea kama mlevi, hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia. Kama moyo unakimbia na hautulii, hata kama unajisikia unavumilia, nenda, na kama ndo mara yako ya kwanza usisubiri kuona utaacha lini.

Alafu ukoo. Uliza wazee wako bila aibu: kuna ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana? Yule mjomba tunayeambiwa alilala mzima hakuamka, yule binamu aliyezama mtoni na alikuwa anajua kuogelea vizuri. Sisi tukizika tunasema siku zake zimefika, lakini kwa dokta wa moyo hizo ni habari kubwa sana kwasababu kuna matatizo ya moyo yanarithiwa. Wapenda mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, tarehe 26 Juni 2003 pale Lyon, alianguka uwanjani hakuna aliyemgusa na akafariki, uchunguzi ukakuta misuli ya moyo wake ni minene kupita kawaida. Na Christian Eriksen, tarehe 12 Juni 2021 Copenhagen, huyu moyo ulisimama wakamstua kwa mashine palepale kwenye nyasi, akawekewa kifaa kifuani na akarudi kucheza ligi kuu ya Uingereza. Kwa hiyo kuanguka ghafla bila kuguswa na mtu usikuchukulie poa.

Hatua ya 1: jifunze kuhesabu mapigo ukiwa mzima

Jifunze leo ukiwa umetulia, maana siku moyo umewaka mikono inatetemeka hutoweza kujifunza. Geuza kiganja juu, weka kidole cha shahada na cha kati chini ya shina la dole gumba, kwenye kile kibonde cha kifundo. Usitumie dole gumba kupimia, lenyewe lina mapigo yake litakuchanganya. Hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2, ila kama mapigo hayana mpangilio hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyekaa ametulia kawaida ni 60 mpaka 100, wanariadha wanashuka chini ya hapo na hakuna shida. Ukitumia shingo, gusa upande mmoja tu na taratibu, usikandamize, na kamwe usibonyeze pande zote mbili pamoja.

Sasa ukweli ni kwamba moyo ukienda 180 au 200 hutaweza kuhesabu, utapotea kwenye kumi na ngapi sijui. Kuna njia nlifundishwa na nesi mmoja mtu mzima na naona ni ya thamani kuliko vifaa vyote: washa kurekodi sauti kwenye simu, shika mapigo kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono mwingine gonga meza kila pigo linapokuja. Ndo hivo tu. Baadae mnasikiliza, mnahesabu kwa utulivu, na dokta anasikia kitu muhimu kuliko hata idadi, yani kama mapigo yako yanakwenda sawasawa kama cherehani au yanaruka ruka bila mpangilio kama mvua inaanza kwenye bati. Cherehani ni kundi lake, mvua ya bati ni kundi lingine kabisa.

Vifaa vinasaidia ila jua mipaka yake. Kile cha kubana kidole tulichokijua kipindi cha corona kinaonyesha mapigo, piga picha ya kioo chake ukiwa na tukio. Mashine ya presha ya mkononi nayo inaonyesha mapigo, lakini moyo ukienda mbio sana au bila mpangilio inaweza kukosea au ikagoma kabisa. Saa za mkononi, hapa watu wanapigwa sana: zile za bei chee zenye taa ya kijani nyuma zinakisia mapigo kwa mwanga, hazichukui ECG hata kama boksi limechorwa mstari wa moyo. Kuna saa zinazochukua ECG kweli, Apple Watch kuanzia Series 4 ya mwaka 2018, na baadhi ya Samsung, unagusa kwa kidole cha mkono wa pili sekunde 30 na unapata karatasi ya kumuonyesha dokta. Kama ndugu yako wa nje anauliza akuletee nini, we sema hiyo badala ya perfume.

Hatua ya 2: daftari

Daftari la kwaya, daftari la duka, simu, chochote. Ila andika palepale sio jumapili jioni kwa kukumbuka. Mi wiki za kwanza nlikuwa naandika "moyo umekimbia sana nimeogopa" na dokta hakuweza kufanya chochote na sentensi hiyo. Baadae nikawa naandika hivi, nanukuu kwenye daftari langu lenyewe:

"Jumanne saa 4 na dk 10 asubuhi. Nimeinama kufunga kiatu. Umeanza ghafla. Sawasawa, cherehani. Kidole 196. Shingo inadunda. Sijazimia, kizunguzungu kidogo. Umeisha ghafla saa 4 na dk 32. Mkojo mara 3. Chai moja, nlilala saa 5 usiku. Siku ya 2 ya hedhi."

Mistari mitatu lakini ndani yake kuna vitu ambavyo dokta wa moyo anavitafuta kwa tochi. Ulianzaje na uliishaje, ghafla au polepole, hiyo ndo namba moja, kwasababu moyo wa wasiwasi au homa kawaida unapanda na kushuka polepole, wa hitilafu ya umeme mara nyingi unaruka na kuacha ghafla. Kudunda shingoni kuna aina fulani ya mapigo inakuja nako sana. Na ule mkojo niliosema: moyo ukienda mbio vile, vyumba vya juu vinatanuka na kumwaga homoni inayoziambia figo zitoe maji, kwa hiyo kukojoa sana baada ya tukio sio stori ya pembeni, usione aibu kuisema. Na sisi wanawake tuandike hedhi na ujauzito pia, kuna wenye matukio yanayoongezeka siku hizo.

Hatua ya 3: ondoa vitu vinavyoweza kuusukuma moyo

Sio kila moyo unaokimbia una ugonjwa wa moyo. Homa, malaria, kuharisha, kukosa maji mwilini, upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyochachamaa, ujauzito, vyote vinapandisha mapigo na hapo moyo unafanya kazi yake tu. Kwa hiyo kabla hujafikiria mbali, omba vipimo vya damu: wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo, madini ya potasiamu na magnesiamu, sukari. Mama mmoja jirani yangu alihangaika mwaka mzima na "moyo", kumbe damu ilikuwa imeisha kwa hedhi nzito, akatibiwa hiyo na moyo ukanyamaza.

Angalia pia unachoingiza. Enaji drinki, kahawa nyingi, sigara, mirungi, pombe hasa ile ya wikiendi ya kufidia wiki nzima. Dawa za mafua zile za kufungua pua zinaweza kupandisha mapigo, pampu ya pumu nayo inaweza (usiiache bila kuongea na dokta, pumu inaua). Kuna dawa zinazogusa umeme wa moyo moja kwa moja, kama kwinini, baadhi ya antibayotiki za jamii ya erithromaisini na azithromaisini, na hata dawa mseto ya malaria ina tahadhari kwa watu wenye tatizo fulani la kurithi la umeme wa moyo. Sisemi usitibu malaria, tibu, nasema mwambie anayekuandikia kwamba unachunguzwa mapigo ya moyo. Na dawa za mitishamba zibebe, hata kama ni kwenye chupa ya Kilimanjaro, dokta aone.

Usinywe dawa ya moyo ya mtu mwingine. Shangazi ana propranolo kabatini, anakupa moja utulie, na we una pumu, unaweza kubanwa vibaya sana usiku huohuo.

Hatua ya 4: namna ya kuongea na dokta ndani ya dakika zake saba

Foleni umekaa masaa manne, ukiingia una dakika saba. Mi nlikuwa nazimalizia kwenye utangulizi. "Dokta mwenzio nateseka, ilianza kipindi mume wangu amesafiri..." akishasikia mume kasafiri ameshaandika wasiwasi.

Anza na tukio. Sema: dokta, napata matukio ya moyo kuanza kwenda mbio ghafla na kuisha ghafla, dakika ishirini hivi, mara moja kwa wiki tatu, nimehesabu 196 nikiwa nimekaa, mapigo yako sawasawa, sijawahi kuzimia, hakuna aliyekufa ghafla kwenye ukoo. Mpe daftari, mpe picha, mpe sauti ya meza. Dokta wa wilaya aliyenisikiliza siku hiyo alivua miwani akairudia ile sauti mara mbili, na ndo mtu wa kwanza kuacha kuniangalia kama mwenye stresi.

Kuhusu hilo la wasiwasi, tuelewane. Wasiwasi upo, unatesa, na una tiba yake, sio tusi. Tena ukikaa miaka miwili na moyo unaoondoka bila taarifa lazima upate wasiwasi juu yake, mi nlifika mahali naogopa kusimama ubaoni. Lakini mapigo ya aina hii kwa wanawake yanabandikwa jina la wasiwasi mara nyingi mno kabla mtu hajachukua ECG ya wakati wa tukio. Swali la kuuliza kwa adabu ni hili: "Dokta, tunaweza kusema ni wasiwasi kabla hatujaona ECG moyo ukiwa unakimbia?" Halina dharau ndani yake na linamfanya afikiri mara ya pili.

Wenye bima kumbukeni ngazi. Ukiruka moja kwa moja kwenda hospitali kubwa bila barua ya rufaa unaweza kurudishwa au ukalipa mwenyewe, kwa hiyo kabla hujatoka kwa dokta uliza barua, na uliza kipimo kipi bima inabeba na kipi haibebi, sio ufike dirishani ndo uanze kupiga simu kwa ndugu.

Hatua ya 5: vipimo vyenyewe

ECG ya kawaida haiumi, ni vipande kumi vinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni, unalala kimya basi. Siku hiyo usijipake mafuta ya mwili, vipande havishiki. Akina mama vaa blauzi ya vifungo sio gauni la kuvuta kichwani, sidiria itatoka, beba khanga ya kujifunika, na kama unataka nesi wa kike omba, una haki hiyo. Hata kama huna tukio kipimo hiki kina faida, maana kuna matatizo yanaacha alama hata moyo ukiwa umetulia, kama wale waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme, inayoitwa kwa majina ya madaktari Wolff, Parkinson na White walioieleza mwaka 1930.

Eko ni ile altrasaundi ya moyo, inaangalia nyama na milango yake. Huku kwetu usiipuuze, kwasababu watu wengi milango ya moyo iliharibika utotoni kutokana na mafindofindo yasiyotibiwa, na wakubwa wanakuja kupata mapigo yale ya mvua ya bati. Hayo ya mvua ya bati hatari yake kubwa ni damu kuganda ndani ya moyo na bonge kwenda kichwani, hatari ya kiharusi inapanda kama mara tano, kwa hiyo usikae nayo ukisema mbona siumwi.

Holta ndo kile kimashine unachovaa saa 24 au 48, kuna vingine vya wiki mbili. Kimepewa jina la Mmarekani Norman Holter, ambaye cha kwanza alichokitengeneza miaka ya 1940 kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi na kinabebwa mgongoni kama gunia la mkaa. Changu kilikuwa kama simu ya kitochi. Nlikivaa ndani ya dera, nikapanda daladala, nyaya zinachungulia shingoni na abiria jirani akawa anasogea pembeni taratibu, sijui alidhani nini. Huogi, unajipangusa tu. Unapewa karatasi uandike muda ukihisi kitu, na wanakwambia endelea na maisha ya kawaida, kwa hiyo usilale kitandani siku nzima kama mgonjwa, inama, beba ndoo, panda ngazi, fanya kile kile ambacho huwa kinakiamsha.

Nikafanya yote hayo. Masaa 48 moyo ukakaa kama malaika, majibu yakaja mazuri. Nlilia kwenye korido, nani analia kwa majibu mazuri? Holta inafaa sana kwa mtu ambaye tukio linakuja kila siku au karibu kila siku. Kama lako ni la wiki tatu tatu uliza kifaa cha muda mrefu, na kwa wanaozimia bila sababu kujulikana kuna kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kinachorekodi kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 6: mpango wa kuunasa

Hapa ndo roho ya mwongozo wote. Usisubiri bahati, panga kabisa.

Tafuta sehemu ya karibu kabisa na unapoishi na unapofanya kazi yenye mashine ya ECG inayofanya kazi, nasema inayofanya kazi, sio iliyofunikwa kitambaa. Nenda ukiwa mzima ukaulize maswali matatu: mashine ipo? Usiku na wikiendi yupo anayejua kuitumia? Karatasi zipo? (Usicheke, sehemu moja nilikuta mashine nzima na karatasi hakuna miezi miwili.) Omba dokta wako akuandikie kikaratasi, "Mgonjwa huyu akija na mapigo ya kasi apigwe ECG mara moja kabla ya kupewa dawa," chenye muhuri. Hicho kikaratasi kinakurusha foleni. Weka namba ya bajaji anayepokea simu saa zote. Mwambie mwenzako kazini, mi nilimwambia mwalimu wa zamu na mkuu wa shule.

Ikafika jumamosi. Nafua, nikainama kuinua ndoo, swichi. Nikampigia kijana wa bajaji, nikachukua kikaratasi, nikafika kituo cha afya cha mtaa wa pili moyo bado unaenda. Nesi alikuwa anakula muhogo, akasoma muhuri akaacha sahani hapohapo. Baridi ya ile jeli kifuani naikumbuka mpaka leo, na ile sauti ya karatasi ikitoka, zzzz, nikageuza shingo nikaona milima imebanana haina hata nafasi ya kupumua. Kwenye karatasi ile ukihesabu miraba mikubwa kati ya pigo na pigo ukagawa 300 kwa idadi hiyo unapata kasi, mimi ulikuwa mraba mmoja na nusu. 200. Nimekaa miaka miwili nikitafuta ule mstari.

Kisha piga picha ya karatasi palepale. Karatasi ya ECG nyingi ni zile za joto, zinafutika kama risiti ya EFD, ukiiweka kwenye jua au kwenye mfuko wa plastiki baada ya miezi una karatasi nyeupe. Picha kwenye simu, nyingine jitumie kwenye email, nakala kivuli moja kabatini.

Kuishi ukiwa bado hujui

Hii sehemu watu wanairuka. Kama umewahi kuzimia au kukaribia, acha kwanza kuendesha gari na boda, usipande juu ya bati, usiogelee peke yako, usifunge mlango wa bafu kwa komeo, na jiko la mafuta ya kukaanga lisimamiwe na mwingine. Kama hujazimia, kaa chini tukio likianza, popote ulipo, hata sokoni kwenye ndoo ya mtu.

Maji kunywa, lala, kula kwa wakati. Wanaofunga Ramadhani na wanakunywa dawa za moyo, ongeeni na dokta kabla ya mwezi kuandama apange saa za dawa, sio kujikatia mwenyewe, maana dawa kama za kundi la beta-bloka, zile za kupunguza kasi ya moyo, ukiziacha ghafla moyo unaweza kucharuka zaidi. Kusali sali, mimi nasali, kanisani wananiombea na nimeshukuru sana, ila kikaratasi chenye muhuri kiko ndani ya Biblia.

Kuna pigo moja moja linaloruka, unahisi kama moyo umejikwaa au umedondoka tumboni alafu unapiga moja kubwa. Hayo watu wengi wazima wanayo na mara nyingi hayana madhara kama moyo wenyewe umepimwa uko sawa. Na kwa wazee wetu shida inaweza kuwa kinyume, moyo unaenda polepole mno, 35, 40, anachoka, anaona giza, anadondoka. Tunasema uzee. Hesabu mapigo ya mzee wako kabla hujasema uzee.

Karatasi ikishapatikana

Nilipanda treni ya SGR asubuhi, kabla ya masaa mawili kuisha niko Dar, nikaenda Muhimbili pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na barua yangu. Walio Uganda wana Taasisi ya Moyo pale Mulago. Bingwa aliangalia karatasi dakika mbili akanichorea nyuma ya bahasha: katikati ya moyo kuna kituo umeme unapita kwenda chini, mimi nimezaliwa na njia mbili badala ya moja, siku zingine umeme unaingia njia hii unarudi na ile, unazunguka humohumo kama bajaji iliyopotea kwenye kipilefti. Sio jini, sio vidonda. Kwa mtu ambaye moyo wake vinginevyo ni mzima aina hii kwa kawaida haiui, ila inasumbua.

Akanifundisha kupuliza, njia ya kuukata ule mzunguko ukianza. Bomba la sindano la ml 10, bila sindano, unakaa nusu umelala, unapuliza kwa mdomo sekunde 15 kwa nguvu ya kutosha kukisogeza kile kisukumio, alafu unalazwa chali haraka na mtu anakuinua miguu juu sekunde 15 nyingine. Uingereza walifanya utafiti ukatoka 2015, kwa njia hii ya kuinua miguu watu 43 kati ya 100 moyo ulirudi, wakati kwa kupuliza tu umekaa walikuwa 17. Usijifanyie kabla dokta hajajua una aina gani, na usifanye ukiwa na maumivu ya kifua au unataka kuzimia. Hospitali wana sindano ya adenosini, inakata mzunguko ndani ya sekunde chache, na hizo sekunde utahisi unakufa kweli, waombe wakuambie kabla hawajasukuma.

Njia ya kumaliza kabisa ni kuingiza mirija kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo na kuichoma ile njia ya ziada. Kwa aina yangu inafanikiwa kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100, na kuna hatari ndogo, kama mmoja kati ya 100 au pungufu, ya kuumiza kile kituo mpaka mtu akahitaji betri ya moyo. Hayo maswali uliza yote: mmewafanyia wangapi, bima inalipa kiasi gani, nikikataa sasa naweza kurudi baadae, nikitaka mtoto mwingine dawa hizi zinaruhusu? Mimi nimechagua dawa na kupuliza kwanza, na nimeandika jina kwenye orodha.

Bomba langu linakaa kwenye mkoba pamoja na chaki. Wiki iliyopita mtoto wa la tatu kaliona akauliza, madam unachoma watu? Nikamwambia hapana, napuliza. Akaniangalia kama yule fundi wa pikipiki.